Fokasi inaangukia sikioni badala ya jichoni

Pole ndugu. Umesema unapiga kwa kamera ya Canon 5D Mark III na lenzi ya 85mm f/1.8, bibi harusi katulia, halafu jicho lina ukungu na sikio ndilo kali: hiyo ni fokasi kurudi nyuma, yaani inatua nyuma ya pale ulipolenga. Usikimbilie kununua lenzi nyingine.

Kwanza weka One Shot (fokasi ikishapatikana inabaki palepale), chagua nukta moja ya fokasi, ya katikati. Kamera ikae kwenye stendi, mbele yake rula iliyolazwa mshazari, piga kwa f/1.8 (lenzi ikiwa wazi kabisa) ukitazama kwenye tundu la kuchungulia. Kisha piga kwa skrini ya nyuma, maana huko fokasi hupimwa kwenye sensa yenyewe. Ya skrini ikiwa kali na ya tundu ikiteleza, ingia menyu ya AF (fokasi ya kiotomatiki) urekebishe fokasi ya lenzi hiyo. Kipimo ni -20 hadi +20. Wewe nenda upande wa hasi, taratibu, ukipiga upya kila hatua.

Zote mbili zikiwa na ukungu? Futa vituo vya umeme vya lenzi, pale inapogusana na kamera, kwa kitambaa kikavu. Kioo kilicho ndani ya kamera usikiguse kabisa, hata kwa pamba. Na kama kamera iliwahi kuanguka, au hata -20 haitoshi, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupimia.