Kwa anayeanza kutambua spishi za mzia

Jenasi ya Sphyraena, yaani mzia, humdanganya mwanafunzi mgeni kwa wepesi wake, kwa sababu mwili mrefu kama mshale, taya la chini lililochomoza kupita la juu na meno makali yasiyolingana humfanya samaki huyu ajulikane hata akiwa mbali. Ugumu huanza unapotakiwa kutaja spishi. Familia yake haina jenasi nyingine, na spishi zake, ambazo ni zaidi ya 20, zimefanana mno.

Anza na mapezi ya mgongoni, ambayo ni mawili na yametengana sana, la kwanza likiwa na miiba 5. Mkizi mchanga huwachanganya wengi kwa kuwa naye ana mapezi yaliyotengana, lakini pezi lake la kwanza lina miiba 4, mdomo wake ni mdogo, na hana mstari wa ubavuni (safu ya magamba yenye vitundu inayopita ubavuni kuelekea mkiani) ulio dhahiri kama wa mzia.

Mstari huo ndio ninaousisitiza kuliko yote. Nilipokuwa mgeni nilitegemea rangi, nikaandika Sphyraena barracuda kwenye vielelezo kadhaa ambavyo kumbe vilikuwa Sphyraena jello, kwa kuwa milia yao ilikuwa imefifia baada ya kufa. Aliyenisimamia hakunigombeza, alinikabidhi sindano na lenzi, akaniagiza nihesabu magamba ya mstari wenyewe wa ubavuni. Barracuda huwa na magamba yasiyozidi 90, ilhali jello huzidi 120. Kazi hii inachosha, hasa magamba yakiwa yamepukutika wavuni, ila tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata ukikosea kumi hutapotoka.

Udogo wa samaki nao usikupotoshe. Barracuda huweza kukaribia mita 2, lakini wachanga wake hukulia kwenye mikoko na majani ya bahari, mbali na miamba wanakowinda wakubwa.

Jambo la mwisho linahusu sufuria, si maabara. Mzia mkubwa wa miamba ya matumbawe anaweza kubeba sumu ya siguatera, inayotokana na viumbe vidogo vinavyoishi juu ya mwani na kulimbikizana kutoka samaki mmoja hadi anayemla. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na haiondolewi kwa kupika wala kugandisha, kwa hiyo kielelezo kikubwa kikishapimwa kisigawanywe kuwa kitoweo.