Maswali ya Wasomaji: Pampu ya Klorini na Kontrola ya Bwawa la Nyumbani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, bwawa letu la kuogelea hapa Nyali, Mombasa, lina maji ya mita za ujazo 50. Pampu kubwa, ile ya mzunguko, inaendeshwa na kontrola (kifaa kinachopanga saa za kuwaka na kuzima) kupitia kontakta, yaani swichi nzito inayovutwa kwa umeme, kwa saa 8 kila siku. Nimenunua pampu ndogo ya kusukuma klorini ya maji, ya lita 1.5 kwa saa, ambayo imekuja na plagi ya kawaida. Fundi wangu anashauri tuichomeke kwenye soketi yenye taima na kulinganisha saa zake na zile za kontrola. Mimi naona kontrola ina nafasi iliyoachwa wazi, imeandikwa AUX, yenye skrubu mbili za COM na NO. Je, taima inatosha, au tuunganishe hapo? Na pampu hii iwashwe kwa dakika ngapi?

JIBU: Mpango wa fundi wako utakwenda vizuri hadi siku saa hizo mbili zitakapopishana, na kwa jinsi umeme unavyokatika, siku hiyo haiko mbali. Taima ya kuzungusha kwa mkono hubaki nyuma kwa muda uleule umeme ulipokuwa umekatika, ilhali kontrola yenye betri huendelea kuhesabu saa sahihi. Pia breka ya pampu kubwa inaweza kujikata yenyewe, na taima haina habari. Katika hali zote hizo klorini huendelea kuingia kwenye bomba ambalo maji yake yamesimama, na pampu kubwa inaporudi, dawa yote iliyojikusanya hutoka kwa mkupuo mmoja na kumpata machoni na kifuani yeyote aliye karibu na tundu la kurudishia maji. Ikiwa mna pampu nyingine inayoingiza asidi kwenye bomba hilohilo, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu klorini na asidi zikikutana zikiwa kali hutoa gesi ya klorini, ambayo imewahi kuwafikisha waogeleaji hospitalini.

Kwa hiyo tumia AUX, lakini usiishie hapo. Nafasi yenye COM na NO kwa kawaida ni swichi tupu ya relei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme: haitoi umeme wowote, bali hufunga na kufungua njia ya umeme utakaouleta wewe. Hilo lithibitishwe kwa kitabu cha kontrola na kwa multimita kabla ya kuunganisha, kwa kuwa zipo kontrola ambazo hutoa umeme palepale.

Umeme wa kuleta usitoke kwenye soketi ya ukutani. Kata plagi, kisha laivu, yaani waya unaoleta umeme, ichukuliwe upande wa kutokea wa kontakta, pale zinapoanzia nyaya za pampu kubwa, ili kontakta ikiachia, pampu ndogo ikose umeme hata kama relei ya AUX imegandia. Kutoka hapo laivu ipite kwenye fyuzi yake ya ampea 1 au 2, maana breka inayolinda pampu kubwa haiwezi kuulinda waya mwembamba wa pampu ndogo. Kisha iingie COM, itokee NO, ndipo iende kwenye pampu. Nyutro nayo itoke kwenye saketi hiyohiyo. Ikiazimwa kwenye saketi nyingine, RCD, yaani kifaa kinachokata umeme unapovuja, itakuwa inajikata kila mara na lawama zote zitaangukia pampu isiyo na kosa. Bwawa lisilo na RCD ya miliampea 30 lisiguswe kabla haijafungwa. Hii ni kazi ya volti 240 kando ya maji, na fundi wa kuifanya ni yule mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Bado kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau. Kontakta kuvuta si ushahidi kwamba maji yanatembea: kikapu cha pampu kinaweza kujaa majani, pampu ikavuta hewa, au vali ikaachwa imefungwa baada ya kuosha chujio. Kinachothibitisha ni swichi ya mtiririko, ambayo hupitisha umeme pale tu maji yanapotembea, iliyofungwa kwenye bomba na ikiunganishwa kwa mfululizo na ile njia ya laivu. Soma kwanza kiwango chake, kwa sababu nyingi zimetengenezewa volti ndogo tu. Ya namna hiyo ipelekwe kwenye nafasi ya kontrola iliyotengwa kwa kazi hiyo, au iendeshe relei ndogo ya kati. Na ikiwa siku moja mtabadilisha pampu kubwa kwa ile ya kasi inayobadilika, ambayo hupata umeme muda wote hata ikiwa imesimama, swichi hiyo ndiyo itakayobaki kuwa kinga kuu.

Kuhusu dakika, hesabu ni nyepesi. Klorini ya asilimia 10 ina takriban gramu 100 kwa lita, na gramu 100 katika mita za ujazo 50 ni miligramu 2 kwa lita. Pampu yako hutoa lita hiyo moja kwa dakika 40. Anza na vipindi vinne vya dakika 10, cha mwisho kikiisha angalau nusu saa kabla ya mzunguko kusimama ili bomba lisafishike, kisha pima maji kila siku na kurekebisha hadi klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, itulie kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Jua la Pwani hula klorini haraka, na dawa yenyewe hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto, kwa hiyo dakika za Februari huenda zisifanane na za Julai.

Dawa iingie baada ya chujio, na baada ya hita kama ipo, kupitia vali isiyoruhusu maji kurudi. Sanduku la umeme lisikae juu ya mtungi wa klorini. Mvuke wake hupenya hata kwenye matundu ya nyaya, na baada ya miezi utakuta skrubu za shaba zimeota ukoga wa kijani na relei haikamati tena.

Kabla ya kutia klorini, jaribuni kwa ndoo ya maji safi. AUX ikiwa imewashwa, zimeni breka ya pampu kubwa: pampu ndogo lazima isimame papo hapo. Iwasheni tena, kisha fungeni vali ya bomba la mzunguko kwa sekunde chache tu: lazima isimame pia. Baada ya hapo msijaze mtungi wa lita 20 hata kama nafasi ipo. Lita 20 zikiingia zote kwa hitilafu zitapandisha bwawa lenu kwa miligramu 40 kwa lita, ilhali lita 5, ambazo ni matumizi ya siku tano, haziwezi kuzidisha miligramu 10.