Samaki mkubwa huyakimbia mafuta, yai halina pa kukimbilia

Ndugu wa Goma, umeuliza mambo mawili: kwa nini kila mafuta yanapomwagika baharini watu huhofia samaki, ilhali samaki ana mapezi na anaweza kuondoka, na kama samaki anayevuliwa baada ya hapo anafaa kuliwa. Mimi nimefuga samaki kwa miaka kumi na moja katika ghuba moja ya Ziwa Kivu, upande wa Bukavu. Yaliyonipata huko ndiyo yaliyonifanya nisome habari za bahari kwa makini, kwa hiyo naomba nianzie ziwani.

Miaka sita iliyopita, chombo kimoja kilichokuwa kikijazwa mafuta usiku kilimwaga mazutu, yaani dizeli, kiasi cha mapipa mawili hivi, na upepo wa alfajiri ukausukuma utando wake hadi kwangu. Nilikuwa na tilapia wakubwa katika vizimba vyenye kina cha mita nne, na vifaranga wa wiki mbili katika vyandarua vya ukingoni, mahali ambapo maji hayafiki kiunoni. Wakubwa walishuka chini kabisa ya kizimba wakatulia huko, na waliokufa hawakufika kumi. Vifaranga walizunguka juu ya maji kama waliopotewa na njia, wakapinda migongo, na kufikia siku ya tatu sikuwa na cha kuhesabu. Mtu aliyesimama gatini asubuhi ile asingeona samaki hata mmoja akielea, kwa sababu kifaranga hazidi punje ya mchele, na akifa huzama.

Baharini mambo huenda vivyo hivyo, ila kwa ukubwa usiomithilika. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa vitu vingi. Sehemu yake nyepesi hupotea hewani kwa siku chache, lakini ndani yake zimo kemikali ziitwazo haidrokaboni za aromatiki, ambazo huyeyuka kidogo kidogo majini na kuingia katika mafuta ya kiini cha yai. Samaki mzima ana ini la kuzivunjavunja. Kiinitete, yaani samaki anayeumbika ndani ya yai, bado hakina kinga hiyo. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza chembe za moyo wa jodari walionyesha kwamba mafuta ghafi huzuia njia za potasiamu na kuvuruga mwendo wa kalisiamu, yaani vitu vile vile vinavyoufanya moyo upige na kupumzika kwa mpango. Kiinitete kilichoguswa na kiasi kidogo sana huvimba maji kuzunguka moyo. Kikinusurika na kuanguliwa, huwa kifaranga mwenye moyo dhaifu, asiyeweza kufukuza chakula wala kumkimbia adui, naye hufa wiki kadhaa baadaye pasipo mtu yeyote kukihesabu kifo hicho kuwa cha mafuta. Jua nalo huongeza sumu hiyo, kwa kuwa vifaranga wengi wa baharini wana miili inayopenyeza nuru na huishi karibu na uso wa maji.

Ndiyo maana mimi, nikisikia habari ya kumwagika, huuliza kwanza tarehe, kisha ndipo niulize kiasi. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko ulilipuka tarehe 20 Aprili 2010, ukaua wafanyakazi 11, na mafuta yakatoka kisimani kwa siku 87, katika msimu ule ule ambapo jodari wakubwa wa Atlantiki ya magharibi huja kutaga katika ghuba hiyo. Zaidi ya hapo, karibu lita milioni 7 za dawa ya kutawanya mafuta zilitumika. Dawa hiyo huukata utando kuwa matone madogo, jambo linalowasaidia ndege na fukwe, lakini huyapeleka mafuta chini ya uso, mahali penye mayai na vifaranga. Sisemi ilikuwa kosa kuitumia. Nasema bei yake ililipwa na viumbe visivyopigwa picha.

Meli ya mafuta ya Exxon Valdez nayo ilipasuka Alaska tarehe 24 Machi 1989, wiki chache kabla ya heringi, samaki wadogo waendao kwa makundi, kutaga kwenye mwani wa ufukweni. Mwaka 1993 heringi wa eneo lile waliporomoka, na uvuvi wao haujarudia hali ya zamani. Wanasayansi wanabishana hadi leo, kwa kuwa magonjwa pia yalionekana, na ni haki kulitaja hilo. Kuhusu samoni wa waridi ushahidi ni wazi zaidi: mayai yao katika changarawe za vijito vilivyochafuka yaliendelea kufa kupita kawaida kwa miaka kadhaa.

Samaki anayezaa kwa wingi na kukua haraka, kama sambaza wetu, dagaa wa Ziwa Kivu, anaweza kupoteza uzao wa msimu mmoja kisha akajaza pengo. Anayechelewa kukomaa hana uwezo huo. Mfikirie silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, anayekadiriwa kuishi karibu miaka 100, anayezaa watoto wachache, na ambaye Tanzania ilimtengea hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009. Tanga ndipo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 litokalo Hoima, Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, linapoishia, katika rasi ya Chongoleani. Hilo linatuhusu sisi wa mashariki ya Kongo, maana Ziwa Albert ni letu pia. Hata pwani yetu fupi ya Muanda, ambako mafuta huchimbwa baharini tangu miaka ya 1970, ina mikoko ambayo samaki wachanga hujificha kati ya mizizi yake, na mafuta yakiingia katika tope la mikoko hukaa humo miaka mingi.

Kuhusu kula: samaki mzima akihamia maji safi husafisha mwili wake kwa majuma kadhaa, lakini chaza na jamaa zake huchelewa sana. Kwangu, wamama wa soko walinusa samaki mmoja tu, wakanirudishia beseni zima. Nilingoja wiki sita, wakanunua bila neno. Nikadhani yamekwisha. Miezi saba baadaye walikuja na beseni zao kama kawaida, wakati ambapo vifaranga wale wangekuwa wamefikia uzito wa kuuzwa, nami nikawaonyesha vizimba viwili vitupu.