Kofia gani kwa wiski ya jioni?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Jioni ukikaa kufurahia wiski yako, kofia uipendayo unaivaa au unaiacha msumarini? Na kama unaivaa, ni ipi?" Jibu la huku Lubumbashi ni kwamba unaivaa, na iwe ya felti ya manyoya ya sungura, ukingo wake sentimita tano hadi sita. Ile pana ya sentimita nane au tisa ni ya jua la mchana. Najua wengi watawajibu kwa rangi, suti na viatu, maana mji huu unajua kuvaa. Mimi nitaanza na pua. Raha kubwa ya wiski inapitia puani, na kofia imekaa sentimita chache tu juu ya pua hiyo.

Kofia nzuri hulala kabatini miezi mingi pamoja na vidonge vya naftalini, kwa hofu ya nondo. Naftalini hutoka kwenye ugumu ikawa mvuke moja kwa moja, na felti huunywa mvuke huo na kuushika. Sasa vaa kofia hiyo, mimina bourbon, wiski ya Marekani, yenye harufu ya vanila na sukari iliyoungua, inamisha uso juu ya glasi: utakachonusa ni kabati. Watu huilaumu chupa bure. Itoe kofia siku mbili kabla, iweke kivulini penye upepo, ndani yake ikitazama juu. Usiipulizie marashi ili kuficha harufu, kwani marashi nayo hukaa kwenye felti kwa wiki nzima. Marashi yakae shingoni, tena machache, na yasiwe kwenye kifundo cha mkono unaoshika glasi. Dhidi ya nondo, brashi kila wiki ina faida kuliko vidonge. Anayekula felti ni funza wa nondo, na brashi humwangusha pamoja na mayai kabla hajaanza kazi.

Brashi hiyo ina utaratibu. Kuanzia Mei hadi Septemba hatupati mvua, na vumbi jekundu la barabara zetu huingia kila mahali. Ukipitisha kitambaa chenye maji juu ya vumbi hilo unatengeneza tope ndani ya manyoya, na doa lake halitoki. Brashi kavu ya nywele laini hutangulia, ukienda kinyume na mwendo wa saa huku ukiitazama kofia kutoka juu, kwa maana felti nyingi zimelazwa manyoya upande huo. Anza kwenye kichwa cha kofia, malizia kwenye ukingo, kwa mikupuo mirefu. Kofia nyeusi iwe na brashi yake na nyeupe yake.

Halafu kipimo. Pitisha futi ya fundi cherehani kuzunguka kichwa, sentimita moja juu ya masikio na katikati ya paji la uso. Ukipata 58, nunua 58. Kofia iliyokaa sawa inaruhusu kidole kimoja kupita kati ya ngozi na ukanda wa ndani. Ikiwa imelegea, ingiza ukanda mwembamba wa sponji nyuma ya ule wa ngozi, mbele na kisogoni, wala usiuzungushe wote. Ikibana, usiivae kwenye kikao cha wiski hata kama unaipenda vipi. Kofia inayobana huleta maumivu ya kichwa saa moja baadaye, na wiski ndiyo itakayosingiziwa.

Kwa nini ukingo mfupi? Chukua glasi ya kunusia, ile yenye tumbo na mdomo uliobanwa, kama Glencairn iliyoanza kuuzwa mwaka 2001. Ina urefu wa sentimita 11.5 hivi. Unapokunywa, kitako chake kinapanda mbele ya uso, na kama ukingo wa mbele umeshushwa chini kwa madaha, kitako kinaugonga. Ukikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma, ukingo wa kisogoni unakutana na mgongo wa kiti, kofia inasukumwa mbele, nawe una glasi mkononi. Kofia nyingi hulowa kwa njia hii. Basi chagua kiti chenye mgongo unaoishia mabegani, inua ukingo wa mbele, na sogeza kofia nyuma kidogo hadi nafasi ya vidole viwili ibaki juu ya nyusi. Glasi fupi na pana haifiki mbali usoni, lakini harufu inakimbia kwa sababu mdomo wake uko wazi. Mimi naiona ni ya wanaotia barafu.

Kabla ya kufungua chupa, ikague. Kizibo na karatasi yake viwe vimefungana bila mkwaruzo, maandishi yawe safi bila makosa ya herufi, na namba ya toleo iwepo kwenye kioo au lebo. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka yote ni onyo tosha. Lutuku, pombe kali inayopikwa mitaani, siiweki katika jibu hili. Ina wapenzi wake, lakini inaweza kuwa na methanoli, ambayo huua macho na hata mtu, na haitambuliki kwa ulimi wala kwa kuiwasha moto. Mtu akianza kuona ukungu saa nyingi baada ya kunywa kinywaji asichokijua, ni hospitali mara moja, si maziwa.

Mimina mililita 30 hadi 40. Wasiokuwa na kipimo watumie kijiko cha chakula cha mililita 15: viwili, au viwili na nusu. Acha glasi dakika kama kumi. Mvuke mkali wa mwanzo utapungua, na utaweza kunusa bila pua kuungua. Usizamishe pua. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua midomo kidogo, vuta hewa taratibu, kisha ipandishe. Funda la kwanza liwe dogo, likae mdomoni sekunde kadhaa, kazi yake ni kuzoesha ulimi tu. Ladha anza kuihukumu kwenye funda la pili.

Maji hayaharibu wiski. Chupa ya asilimia 46, ukimimina mililita 40 na kuongeza mililita 6 za maji, yaani kijiko cha chai kimoja na kidogo, inashuka hadi 40. Ile isiyopunguzwa toka pipani, yenye 58 hivi, mililita 30 zinahitaji karibu 9 kufika 45. Ile iliyo tayari 40 iongezee matone machache tu, maana ilishatiwa maji kiwandani, na sheria ya wiski ya Scotland hairuhusu kushuka chini ya hapo. Tumia maji ya chupa au yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bomba yenye klorini yanavunja harufu yote. Barafu nayo itokane na maji hayohayo. Kipande kimoja kikubwa kinayeyuka polepole kuliko vidogo vingi vya uzito uleule, kwa sababu sehemu yake inayogusana na kinywaji ni ndogo.

Kuhusu chakula na moto: michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, ni rafiki wa bourbon na wa wiski ya Ireland, lakini moshi wa makala, yaani makaa, unaziba pua. Ukiwa na wiski ya kisiwa cha Islay, kama Lagavulin au Laphroaig, ambazo shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza), inywe kabla mbabula, jiko la makaa, haijawashwa. Ukichelewa, huwezi kutenganisha moshi wa Scotland na wa baraza yako. Kaa upande upepo unakotoka. Hilo linaisaidia pia kofia, kwani felti iliyokaa juu ya mbuzi anayechomwa hutoa harufu ya nyama hadi Jumapili kanisani. Vidole vya michopo visiguse ukingo. Vikigusa, nyunyiza unga laini wa muhogo juu ya doa la mafuta, uache usiku kucha unyonye, asubuhi uupige brashi. Kwa felti nyeusi tumia kidogo sana, maana weupe wake una ukaidi.

Sasa jasho, jambo ambalo wanaozungumzia mitindo hulipita. Pombe hupanua mishipa midogo ya damu kwenye ngozi. Uso unapata joto, paji linatoa jasho, na jasho linaingia kwenye ukanda wa ngozi. Likikauka linaacha chumvi; ngozi inakuwa ngumu, inasinyaa, na kofia ya 58 inaanza kubana kama 57. Mstari mweupe juu ya utepe wa nje una maana chumvi imeshapenya felti. Kila baada ya kikao pindua ukanda nje, upanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, uache ukauke usiku mzima ukiwa umepinduliwa. Ikitokea ukanda umeanza kunata kwenye paji na hali ya hewa ni ya Juni au Julai, usiku ambao huku kwetu unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, si hali ya hewa inayokutoa jasho. Mililita 40 za wiski ya asilimia 40 zina gramu 12 na zaidi za pombe halisi. Mwili wa mtu mzima huondoa gramu saba hadi kumi kwa saa, hivi. Glasi mbili zinahitaji karibu saa tatu, na nadhani mbili zinatosha kwa yeyote anayetaka kukumbuka ladha. Tena usidanganywe na joto la usoni katika baridi hiyo: ni joto la ndani linatoka nje. Hapo kofia ina kazi ya kweli, hasa kwa wenye upara. Anayeendesha gari au pikipiki asianze hata moja.

Wiski ikimwagikia kofia, kujua kinachotokea kutakuzuia kukurupuka. Felti nyingi, hasa za bei ya kati, hukazwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wa Asia, na shelaki huyeyuka kwenye pombe. Mafundi wa samani huiyeyusha kwenye spiriti kabla ya kupaka mbao. Kwa hiyo wiski inalainisha ule ukakamavu wa ukingo na kuusukuma kando, na doa linapokauka linaonekana na duara la weupe. Vua kofia mara moja. Gandamiza kitambaa cheupe, safi na kikavu, juu na chini ya ukingo kwa pamoja, bila kusugua, kwani kusugua kunasokota manyoya na hayanyooki tena. Kisha chukua kitambaa chenye maji safi, kiguse eneo lote linalozunguka doa hadi kwenye mshono au ukingo, ili unyevu ukauke sawasawa na duara lisijitokeze. Iache siku nzima mbali na mbabula na jua. Asubuhi ya pili, brashi.

Ukingo ukibaki mlegevu, chemsha maji. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96. Mvuke wake unatosha. Shikilia sehemu hiyo sentimita 15 kutoka kwenye mdomo wa birika kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, ilaze juu ya meza tambarare, inyooshe kwa kiganja, usiiguse hadi ipoe. Pasi ya moto juu ya felti tupu inaunguza ncha za manyoya na kuacha mng'aro usiofutika.

Wiski iliyochanganywa na Coca-Cola ni balaa kubwa zaidi. Sukari ikikauka inagundisha manyoya, ukipiga brashi yanang'oka. Hapo maji ya uvuguvugu kwanza, kugusa na kugandamiza mara tatu au nne, mpaka kitambaa kisinate tena.

Oktoba, joto linapokuwa kali kuliko mwezi wowote, badilisha felti kwa kofia ya nyuzi za toquilla zinazofumwa Ekuador, zile ambazo wauzaji huziita Panama. Ufumaji wake uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2012. Hewa inapita, jasho linapungua. Usiishike kwa kubana mbonyeo wa mbele, nyuzi kavu hukatika hapohapo. Jihadhari na zile za karatasi iliyosokotwa zinazofanana nayo sokoni. Glasi yenye barafu inayotoa umande ikiwekwa karibu nayo, karatasi inalegea.

Akija mzee au mnapoanza kusali, kofia inavuliwa kwa kushika ukingo mbele na nyuma kwa mikono miwili, glasi ikiwa imeshawekwa mezani. Ikiwekwa mezani nayo, isimame juu ya kichwa chake, ukingo hewani, upande wa pili na glasi. Chupa ihifadhiwe imesimama, kwa sababu pombe ikilala kwenye kizibo cha koki inakila, na iwe mbali na dirisha. Ikishafika nusu, imalizwe ndani ya miezi michache, maana hewa iliyoingia inaendelea kuipunguza harufu kila siku.

Msomaji wenu, Kamalondo, Lubumbashi