Mke Wangu Ameacha Kuweka Muziki Nyumbani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mume na baba wa watoto watatu, naishi Morogoro. Tangu ujana wangu ni mtu wa muziki wa dansi, hasa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Mke wangu yeye ni Boney M, bendi ile ya disko. Ikifika Desemba flashi yake haitoki kwenye redio, na mimi nyimbo zile siziwezi kabisa. Krismasi iliyopita walikuja kaka zangu na wenzangu wa kazini. Alipoziweka nikazima, nikasema mbele ya watu kwamba nyumba yangu si disko, na kwamba anashabikia bendi ya uongo ambayo mwanamume wake hakuimba hata mstari mmoja. Watu walicheka, na yeye akacheka. Tangu siku hiyo hajaweka wimbo wowote. Anapika kimya. Nikimwambia aweke muziki ananijibu, "Weka wewe unayeujua." Shangazi, nilisema ukweli mtupu. Kazini nabishana na shabiki wa Msondo, bendi pinzani ya Sikinde, kila wiki na hatununiani. Nimefikiria nimnunulie nyimbo nzuri za dansi azizoee taratibu. Unanishauri nini? – Mpenzi wa Sikinde*

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na muziki, maana naona ndiko ulikojificha.

Kutoipenda Boney M si kosa. Walikuwepo wasioipenda hata ilipokuwa juu, miaka ile ya 1970, na walikuwa na sababu zao. Mtu aliyekulia kwenye dansi anausikiliza wimbo huku akingoja kitu. Mwimbaji anasimulia kisa chake bila haraka, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia, halafu wimbo unageuka, chemko, ile sehemu ya kucheza, linaanza, na hapo hata aliyekuwa amechoka anainuka kitini. Boney M hawana chemko. Wimbo unaanza na mwendo mmoja na kuisha na mwendo uleule, kila kitu kimepangwa studio, na kabla hujakaa sawa umeshakwisha. Sikio lako linaona limedhulumiwa. Hilo nalielewa, na hakuna wa kukulazimisha upende.

Lakini huo "ukweli mtupu" uliousema mbele ya wageni ulikuwa nusu. Ni kweli kwamba Bobby Farrell, yule kijana wa Aruba aliyekuwa akicheza jukwaani, hakuimba kwenye santuri zile. Sauti nzito ya kiume ni ya Frank Farian, mtayarishaji wa Kijerumani aliyeiunda bendi. Ila Liz Mitchell na Marcia Barrett, mabinti waliozaliwa Jamaika, waliimba kwa makoo yao wenyewe, na ndio wanaozibeba nyimbo hizo. Ukitaka kujua mkeo alikuwa akimfuata nani alipokuwa akiimba jikoni, kumbuka tu alivyokuwa akiimba. Sidhani kama alikuwa akiiga sauti nzito ya Farian.

Nenda mbele kidogo. "Rivers of Babylon", walioutoa 1978, haukuzaliwa disko. Ni wimbo wa Kirasta wa The Melodians wa Jamaika, wa mwaka 1970, na maneno yake yanatoka Zaburi ya 137, ile ya watu waliochukuliwa mateka wakatakiwa kuimba ugenini. "Mary's Boy Child", ambao nina hakika ni mmojawapo wa zile unazozikimbia kila Desemba, Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani, aliurekodi 1956. Unaweza kuyajua yote hayo na bado usiupende mdundo. Sawa. Ila usiseme tena kwamba mkeo anashabikia uongo. Ulichukua kasoro ya mtu mmoja ukaifunika nayo bendi nzima, kisha ukamfunika na yeye.

Sasa huyo shabiki wa Msondo. Ubishi wa Msondo na Sikinde naujua na naupenda, ni katika mambo matamu tuliyonayo. Mwenzako akikurushia, una la kumrudishia, na nyuma ya kila mmoja kuna umati. Tena mnajua moyoni kwamba bendi zenyewe ni ndugu: Muhidin Maalim Gurumo alitoka huko Msondo akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, hiyo Sikinde yako, mwaka 1978, na baadaye akarudi kuimba Msondo. Ndiyo maana hamnuniani. Utani unataka pande mbili.

Siku ile ya Krismasi upande wa pili ulikuwa na nani? Kaka zako, wenzako wa kazini, na wewe mwenye nyumba. Yeye alikuwa peke yake. Ule haukuwa ubishi wa muziki hata kidogo.

Umeniandikia kwamba na yeye alicheka, kana kwamba hilo linakutetea. Angefanyaje? Angenuna, angeambiwa hajui utani. Angejibu, angeambiwa amemvunjia mume heshima mbele ya mashemeji. Alicheka ili wageni wale chakula chao kwa amani na wewe usiaibike. Aliyetunza heshima ya nyumba siku ile ni yeye, na sidhani kama umewahi kumshukuru.

Halafu ulisema "nyumba yangu". Neno hilo limenikaa kuliko habari za Farrell. Desemba nyimbo hizohizo zinapigwa madukani, unapita, unanunua ulichofuata, wala huingii kumzimia mwenye duka redio yake. Kwa mwenye duka unajua mpaka wako. Kwa mkeo ulijiona huna mpaka.

Chuki ya muziki huwa haikai kwenye muziki peke yake. Tarehe 12 Julai 1979, Chicago, maelfu walijaa uwanja wa besiboli wa Comiskey Park kulipua kasha la santuri za disko kati ya mechi mbili. Uwanja ukavurugika, mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mweusi aliyekuwa mhudumu pale uwanjani, Vince Lawrence, amesimulia baadaye kwamba watu walileta pia santuri za wanamuziki weusi ambazo hazikuwa disko kabisa. Walisema wamechoka na mdundo, kumbe kulikuwa na watu waliowachoka. Sisemi wewe uko hivyo. Nasema jiulize ni nini hasa kilikukera mbele ya kaka zako: wimbo, au kuonekana kwamba mkeo naye ana redio.

Kwa hiyo habari ya kumnunulia nyimbo za dansi iache. Yeye ataisoma kwa namna moja tu: bado unamsahihisha.

Muombe radhi, na usitie "lakini" ndani yake. Ukishasema "nisamehe, lakini muziki ule kweli...", umerudi palepale. Na kwa kuwa ulimtukana mbele za watu, hayo ya chumbani hayatatosha. Kaka zako wakija tena, sema wakiwa wamekaa kwamba siku ile ulikosa. Maneno machache yanatosha, usilifanye hotuba.

Usijifanye umeanza kuipenda Boney M. Ameishi nawe miaka mingi, atakujua mara moja, na itamuumiza zaidi. Wala usiziweke wewe hizo nyimbo kama zawadi ya suluhu. Kuweka ni kwake. Panganeni saa: jioni fulani ni za Sikinde yako, na redio ya jikoni ni ya anayepika. Siku akiwa na nafasi, muulize ni wimbo upi anaupenda kuliko yote na alianza kuusikia wapi, kisha umsikilize mpaka amalize. Baadaye, akitaka ubishi mwenyewe, mweleze habari ya chemko. Huenda akakujibu vizuri kuliko yule wa Msondo.

Huenda asiweke wimbo wiki hii wala mwezi huu. Usimhimize. Siku atakayoweka, usiseme "afadhali", usicheke, wala usitoke nje. Endelea na ulichokuwa ukifanya. Na kaka yako mkubwa usimngojee mpaka Krismasi nyingine. Mpigie leo umwambie kwamba ulimkosea shemeji yake.