Waliogopa kusikika London kuliko panga

Salamu mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza serikali ya mkoloni Kenya ilikuwa inaogopa nini zaidi, ghasia au maoni ya watu. Mi nasema maoni, ila sio maoni yetu sisi, ya wapiga kura wa Uingereza, na ushahidi wangu ni Hola, kambi ya kuwafungia watu kule Tana River.

Ghasia zenyewe, yaani vita vya Mau Mau, walikuwa na dawa yake, wakatangaza hali ya hatari Oktoba 1952, wakamkamata Kenyatta na wenzake, na 1954 wakazoa maelfu ya watu Nairobi wakawapeleka makambini. Hapo hata aibu hawakuona! Kilichowanyima usingizi ni habari kuvuka bahari. Mwanasheria mkuu wa koloni, Griffith-Jones, 1957 alimwandikia gavana Baring kwamba kama ni lazima tutende dhambi basi tuitende kimyakimya. Yaani mwanasheria mkuu!

Sasa Machi 3, 1959 pale Hola wafungwa waliokataa kazi za shuruti walipelekwa shambani kwa nguvu, askari wakawapiga marungu mpaka 11 wakafa. Serikali ikatoa taarifa kwamba watu hao wamekufa baada ya kunywa maji ya kwenye gari la maji. Maji jamani, watu wamevunjwavunjwa mifupa halafu unaniambia maji. Madaktari walipopasua maiti wakakuta ni kipigo, mjadala ukafika bunge la London, mpaka Julai Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, akasimama akasema huwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Mwafrika na kingine kwa Mwingereza. Lakini hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji yale, na hili bado linaniuma.

Mwezi Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa na mazungumzo ya katiba ya Kenya yakaanza Lancaster House, London. Sisemi Hola peke yake ndo ilifanya hivyo, watu walikuwa wamepigana msituni miaka, ila baada ya Hola ikawa ngumu sana kwa waziri yeyote kule London kusimama kutetea kambi zile.

Na kitu ambacho watu hawakisemi sana ni kwamba wafungwa wenyewe walishalijua hili zamani. Ndani ya makambi walikuwa wanaandika barua kwa siri, zinatoroshwa nje, nyingine zinafika kwa wabunge wa Uingereza kama Barbara Castle, wanaeleza wanavyopigwa na wanavyonyimwa chakula, na ukikamatwa na barua hiyo unajua kinachokungoja. Shuleni tulifundishwa majina ya majenerali wa msituni na ni haki yao kabisa, ila hawa walioandika mbona hatuwataji?