Jibu: Nimefuta logi kubwa lakini diski bado imejaa

Habari mkuu. Kwa hiyo umefuta logi (faili la kumbukumbu za programu) kwa amri ya rm, du (inayojumlisha ukubwa wa mafaili) inaonyesha nafasi ipo, ila df (inayoonyesha diski imejaa kiasi gani) imeganda kwenye 100%. Anza na amri hii, ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo):

lsof +L1

Itakuonyesha faili lililofutwa ambalo programu bado imelishikilia. Mfumo endeshi wa UNIX haurudishi nafasi mpaka programu iliachie. Kwangu mara nyingi huwa ni seva ya wavuti. Washa upya huduma hiyo tu. Usizime mashine nzima, watu wako kazini.

Logi inayoendelea kuandikwa usiifute, imwage (ondoa yaliyomo, faili lenyewe libaki):

truncate -s 0 jina-la-faili

Kama lsof haitoi kitu, huenda kuna mafaili yaliyofunikwa na diski nyingine iliyopachikwa juu ya saraka (folda) yanamokaa. Tubandikie hapa matokeo ya amri ya mount, inayoorodhesha diski zilizopachikwa.